Kufia nyumbani: Matakwa ya wengi, maandalizi ya wachache

DAKTARI anapoieleza familia kwamba ugonjwa wa mpendwa wao hautapona tena, swali linalofuata karibu kila mara ni moja: mgonjwa abaki wodini au arudishwe nyumbani? Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa haraka, kwenye korido ya hospitali, na ndugu ambao hawajamwuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini.

Yako majibu ya waliowahi kuulizwa. Katika utafiti uliofanyika katika mitaa ya jiji la Nairobi na kuchapishwa mwaka 2014, watu wapatao 200 waliulizwa wangependa kufia wapi iwapo wangepatwa na ugonjwa mkubwa kama saratani. Zaidi ya nusu walitaja nyumbani kwao. Tafiti zilizofanyika katika nchi za Ulaya nazo zilionyesha kwamba watu wengi huchagua nyumbani.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Nyumbani mgonjwa hasubiri saa ya kuona wagonjwa ili awaone watoto wake. Hupikiwa uji anaoupenda, husomewa dua au sala na watu wanaomfahamu, na hupata nafasi ya kutoa wosia na kuombana radhi na wale aliokosana nao. Hata hivyo, kutaka ni jambo moja na kuweza ni jingine. Wapo wagonjwa wanaorudishwa nyumbani kwa nia njema, kisha baada ya siku chache wakakimbizwa tena hospitalini usiku wa manane kwa teksi, na kufia njiani au mapokezi.

Nyumbani ni wapi?

Kwa mkazi wa mjini, neno nyumbani lina maana mbili. Kuna chumba alichopanga Mbagala au Manzese, na kuna nyumbani kwa asili yake, kijijini, walikozikwa wazee wake. Familia nyingi huamua kumsafirisha mgonjwa angali hai, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima, ili akutane na ndugu zake. Ya pili ni gharama, kwa kuwa mgonjwa husafiri kwa nauli ya basi, ilhali maiti huhitaji jeneza na gari la kukodi.

Uamuzi huo una hatari ambayo haizungumzwi sana. Mgonjwa huondoka mjini na chupa moja ya dawa ya maumivu, na chupa hiyo inapokwisha, zahanati ya kijijini inaweza kuwa haina dawa hiyo wala mtu anayeruhusiwa kuiandika. Mgonjwa anakuwa ameipata nyumba yake lakini amepoteza nafuu yake.

Maumivu ndiyo yanayoamua

Huduma inayolenga kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona, badala ya kuutibu ugonjwa wenyewe, huitwa tiba shufaa. Huduma hiyo hushughulikia maumivu, kichefuchefu, vidonda na kukosa pumzi, pamoja na hofu za mgonjwa na familia yake. Msingi wake wa kisasa uliwekwa na Dk. Cicely Saunders, aliyeanzisha hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka duniani, na takriban asilimia 14 tu ndio huipata. Kwa Tanzania, makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yalionyesha zaidi ya wagonjwa wapya 40,000 wa saratani katika mwaka 2020, na vifo karibu 27,000. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwishaenea.

Dawa kuu ya maumivu makali ya saratani ni morfini. Ile ya maji hunywewa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, na haihitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Kwa sababu hiyo ndiyo dawa inayowezesha mgonjwa kuuguziwa nyumbani. Karibu kila mara huleta ugumu wa choo, hivyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha choo.

Familia nyingi huiogopa kwa kudhani kwamba humfanya mgonjwa kuwa teja au kuharakisha kifo chake. Ukweli ni kwamba, ikitolewa kwa kipimo kinacholingana na maumivu na kuongezwa taratibu, haiharakishi kifo, na uraibu hutokea kwa nadra miongoni mwa wagonjwa wanaoitumia kwa usimamizi wa mtaalamu.

Mfano wa Uganda

Uganda ilionyesha mapema kwamba jambo hili haliwezekani kwa nchi tajiri pekee. Mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akitumia unga wa morfini unaochanganywa na maji. Dawa hiyo hutiwa rangi ili mgonjwa asiyejua kusoma asikosee: ya kijani ndiyo yenye nguvu ndogo, na ya waridi na ya buluu ni kali zaidi.

Mwaka 2004, Uganda ilibadilisha kanuni zake ili wauguzi na maofisa tabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini. Hatua hiyo ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa, kwani vijijini daktari ni adimu lakini muuguzi yupo.

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam imekuwa kiini cha huduma hii, ikiwa ni pamoja na kuandaa morfini ya maji. Hospitali ya Selian mkoani Arusha nayo ilijijengea jina kwa timu zake zinazowafuata wagonjwa majumbani. Aidha, huduma za majumbani zilizoenea wakati wa janga la ukimwi ziliacha uzoefu wa wahudumu wa jamii kubisha hodi, kukaa mkekani na kumsikiliza mgonjwa. Kilichobaki haba ni dawa yenyewe kumfikia mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa.

Mzigo wa mlezi

Jambo la pili linaloamua ni nani anauguza. Mara nyingi ni mke, binti au dada, ambaye huacha biashara yake ya genge au kazi yake ili amgeuze mgonjwa kila baada ya saa chache kuzuia vidonda vya kulalia, afue mashuka na kukesha. Mlezi asiyepokewa zamu huchoka, na uchovu wake ni miongoni mwa mambo yanayomrudisha mgonjwa wodini.

Kwa hiyo, hospitali si kushindwa. Mgonjwa anayetokwa damu nyingi, anayekosa pumzi, au anayeishi peke yake katika chumba kimoja huenda akapata utulivu zaidi wodini. Wapo pia wanaochagua hospitali wenyewe kwa kutotaka watoto wao wawaone wakiteseka. Uchaguzi huo nao unastahili kuheshimiwa.

Kabla ya kuondoka hospitalini

Familia inayotaka kumpeleka mgonjwa nyumbani inapaswa kupata majibu ya mambo kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Dawa ya maumivu itatosha siku ngapi, na itapatikana wapi ikiisha? Nani atapigiwa simu usiku maumivu yakizidi? Mlezi amefundishwa kusafisha kidonda, kumgeuza mgonjwa na kutunza mpira wa mkojo? Nani atampokea zamu? Kwa anayesafirishwa mkoani, barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dawa na vipimo vyake ni muhimu kuliko sanduku la nguo.

Kifo kikitokea nyumbani, taarifa hutolewa kwa ofisa mtendaji wa kijiji au wa kata, na kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Wasiofanya hivyo husumbuka baadaye wanapofuatilia mirathi.

Lakini swali la kwanza linabaki kuwa la mgonjwa mwenyewe. Wengi huogopa kuliuliza wakidhani ni kumtabiria kifo. Mara nyingi mgonjwa amekwishalifikiria peke yake, usiku, na anangoja mtu wa kumwuliza angali na nguvu ya kujibu.