Vitabu vya Ajabu Wanavyosoma Watoto Wetu

Mtoto akijifungia chumbani na kitabu chenye picha ya zimwi kwenye jalada, mama hushtuka, na ni haki yake. Katika mikutano yetu ya akina mama suala hili limezuka mara nyingi: je, riwaya za katuni na hadithi za wachawi, mazimwi na wanyama wasemao zinafaa katika nyumba ya Mkristo? Wapo waliosema zichomwe moto. Sisi tuliona vema kwanza tuzisome, kwa maana mchuzi hauonjwi kwa kutazama kifuniko cha chungu.

Tukumbushane kwamba mambo haya si mageni kwetu. Tuliosoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, tunawakumbuka wale ndugu wawili waliogeuzwa manyani na kuchapwa kila usiku. Safari ya Msafiri ya John Bunyan, iliyotoka kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1678, ina majitu na pepo waovu, na wahubiri wameitumia miaka yote. Kwa hiyo zimwi peke yake si hoja. La kuuliza ni zimwi hilo linamwambia nini mtoto.

Tulianza na C. S. Lewis, kwa kuwa jina lake linajulikana makanisani. Kilichotugusa zaidi ni The Magician's Nephew, cha mwaka 1955. Mvulana aitwaye Digory anaishi London kwa mjomba wake. Baba yuko India, na mama yu mahututi kitandani. Kwa hila za mjomba huyo, mtoto anajikuta katika ulimwengu mwingine, na huko Simba aitwaye Aslan anamtuma kuchuma tunda katika bustani iliyo juu ya kilima. Mchawi mwanamke anamkuta bustanini na kumshawishi: usimpelekee Simba, mpelekee mama yako, atapona mara moja.

Akina mama, hapo tulikiweka kitabu chini kidogo. Ni mtoto gani asingeiba? Digory anakataa, kwa uchungu mwingi, na anarudi na tunda kama alivyotumwa. Kabla ya safari hiyo alikuwa amemwomba Simba amponye mama, na alipoinua macho aliona Simba naye analia, machozi makubwa kuliko yake. Mwishoni anapewa tunda kwa ruhusa, na mama anapona.

Mama yake Lewis mwenyewe hakupona. Alikufa kwa kansa huko Belfast mwezi Agosti 1908, mtoto akiwa na miaka 9. Katika kitabu cha maisha yake, Surprised by Joy, kilichotoka mwaka huohuo wa 1955, Lewis anaeleza jinsi alivyoomba mama apone, na mama akafa. Baadaye aliiacha imani kwa miaka mingi, hadi aliporudi kwa Kristo mwaka 1931. Hatusemi kwamba msiba ule ndio uliosababisha yote. Lakini mtu aliyevuka miaka hamsini aliandika hadithi ambamo mama anapona, na baada ya kulijua hilo yale machozi ya Simba tuliyasoma upya.

Hata hivyo, kuna jambo linalotutia wasiwasi. Mtoto ambaye mama yake ni mgonjwa kweli anaweza kuisoma hadithi hiyo na kudhani kwamba akiwa mtiifu vya kutosha, mama atapona. Mama asipopona je? Baadhi yetu ni wauguzi, na tumeona wodini watoto wanaofanya hesabu za namna hiyo kimyakimya.

Ndiyo sababu kitabu cha pili kilitushika zaidi. Kinaitwa A Monster Calls, cha Patrick Ness, kilichotoka mwaka 2011, kikiwa na picha za kutisha za rangi nyeusi na nyeupe zilizochorwa na Jim Kay. Wazo la hadithi lilikuwa la mwandishi Siobhan Dowd, ambaye alikufa kwa kansa ya matiti mwaka 2007 kabla hajaiandika. Mwaka 2012 kilipata nishani mbili kubwa za vitabu vya watoto huko Uingereza, moja ya uandishi na nyingine ya uchoraji.

Zimwi lenyewe ni mti uitwao yew, ambao Waingereza huukuta sana katika viwanja vya makanisa. Usiku unang'oka, unamjia mvulana Conor dirishani na kumsimulia hadithi tatu. Ya nne lazima aitoe yeye, nayo iwe kweli tupu. Mama yake ana kansa na anapewa dawa inayotokana na mti wa aina hiyohiyo. Hilo si la kubuni: dawa ya paklitakseli, ambayo bado hutumika kutibu kansa ya matiti, ilipatikana kwanza katika gome la mti wa jamii hiyo unaoota Marekani.

Dawa haimsaidii mama. Na ule ukweli ambao Conor anaogopa kuutamka ni huu: amechoka kusubiri, na ametamani yaishe. Kwa hiyo anajiona kwamba yeye ndiye anayemwua mama yake.

Sisi tumemwona Conor mara nyingi, ila kwetu anaitwa kwa majina mengine. Ni binti wa darasa la sita anayechota maji, anayemwogesha mama na kukosa shule, kisha usiku anawaza yaishe, na asubuhi anajichukia. Nasi watu wazima tunamwambia nini? Tunamwambia, "Mama amesafiri." Tulisema hivyo sana katika miaka ya ukimwi, kabla serikali yetu haijaanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi mwaka 2004, na mpaka leo msibani bado tunasema. Mtoto anakaa mlangoni kumngoja msafiri.

Kuhusu miaka hiyohiyo tulisoma riwaya ya katuni ya muuguzi mwenzetu wa Marekani, MK Czerwiec, iitwayo Taking Turns, ya mwaka 2017. Alifanya kazi katika wodi ya 371, wodi ya wagonjwa wa ukimwi katika hospitali moja ya Chicago, tangu mwaka 1994 hadi ilipofungwa mwaka 2000, kwa kuwa dawa mpya zilikuwa zimepunguza vifo. Michoro yake ni ya kawaida sana, karibu kama ya mtoto. Lakini swali lake ni zito: muuguzi amkaribie mgonjwa kwa kiasi gani, na akifa amlilie wapi? Chuoni hatukufundishwa hilo. Kitabu hicho ni cha watu wazima, watoto wasipewe.

Kwa binti wakubwa tulipenda Aya, katuni ya Marguerite Abouet iliyochorwa na Clément Oubrerie, ya mwaka 2005, juu ya msichana wa Abidjan anayetaka kuwa daktari huku rafiki zake wakihangaika na wavulana. Mmoja anapata mimba, na mambo hayo yamesemwa wazi kuliko tulivyozoea. Mwishoni yapo mapishi ya mchuzi wa karanga na namna ya kufunga kitenge. Mchuzi tumeujaribu.

Vitabu hivi tulivisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo mama asiyekisoma vizuri amwombe kijana wa nyumbani amsomee na kumsimulia. A Monster Calls tusingempa mtoto chini ya miaka 12, wala tusingemwacha akisome peke yake ikiwa nyumbani kuna mgonjwa. Asomewe sura moja jioni, na mama mdogo, shangazi au bibi abaki kitandani pale mpaka taa izimwe, maana mtoto huwa anauliza gizani.