Kabla ya kutafuta mtoto, wapimwe mke na mume

Busia imezoea kuvuka. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi mwaka 2018, mke anaweza kuuza nguo Sofia, upande wa Uganda, mume akafanya kazi gereji upande wa Kenya, na jioni wakala sahani moja. Matibabu yao ndiyo hayavuki. Kila mmoja hutibiwa upande wake, na faili hubaki huko huko. Kwa wanandoa wanaotafuta mtoto, pengo hilo linaweza kuwagharimu mimba.

Wanaoogopewa hapa ni bakteria wa kisonono na klamidia. Klamidia hasa ina hila: wanawake wengi walio nayo hawahisi maumivu wala hawaoni uchafu. Isipotibiwa hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu. Mirija ikiziba, yai na mbegu havikutani. Ikibaki na upenyo mdogo, mimba inaweza kutunga nje ya mfuko wa uzazi na kumuua mama. Mwanamume naye inaweza kumharibia njia za mbegu.

Jambo hili si geni pande hizi. Miaka ya 1970, O. P. Arya na wenzake walilinganisha Teso, kaskazini mwa Tororo, ambako watoto walikuwa wachache, na Ankole ambako walizaliwa wengi. Kisonono kilikutwa zaidi Teso. Kumbe tatizo halikuwa laana ya ukoo bali ugonjwa wenye dawa.

Vituo vingi vya afya, Kenya na Uganda, hutibu magonjwa ya zinaa kwa kuangalia dalili. Mwenye dalili husaidika. Asiye nazo hurudi nyumbani nayo. Kwa hiyo anayepanga kushika mimba aseme wazi, na aombe kipimo cha klamidia na kisonono, cha mkojo au cha pamba ukeni, pamoja na cha kaswende na VVU. Kipimo kisipokuwapo, aulize sampuli inaweza kupelekwa wapi. Kununua dozi dukani kwa kudhani ni "kandida" hakusaidii. Kandida ni fangasi, na dawa yake haiui bakteria.

Bakteria wakipatikana, wote wawili watibiwe kwa wakati mmoja na wasikutane kimwili mpaka siku saba zipite na dozi iishe. Akitibiwa mmoja, mwingine atamrudishia. Wahudumu huweza kutoa kadi ya kumwita mwenzi, na kadi iliyoandikwa Tororo ingepaswa kupokewa bila maswali Busia ya Kenya. Tunapitisha malori ya mizigo kwa karatasi moja. Kikaratasi hiki kinatushindaje?

Dawa huua bakteria, lakini haifuti kovu. Majibu safi ya leo hayathibitishi kwamba mirija iko wazi. Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu bila kinga. Mwanamke aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita, na aliyewahi kuugua nyonga au kupata mimba nje ya mfuko wa uzazi amwone daktari mapema. Mirija hupimwa kwa eksirei yenye dawa maalumu, siku chache baada ya hedhi kwisha.

Kabla ya mke kufikishwa huko, mume apimwe mbegu. Hapo ndipo wanaume wengi hutoweka, ilhali kipimo hakina sindano wala kisu. Ajizuie kujamiiana kwa siku mbili hadi saba, kisha atoe mbegu kwenye kichupa safi, bila kondomu ya kawaida wala mafuta. Akitolea nyumbani, kichupa kikae karibu na mwili kisipate baridi, na kifike maabara ndani ya saa moja. Katika mji uliozaa bodaboda, saa moja inatosha.