Milango ya Zamani, Baiskeli na Simu Moja: Safari ya Picha Makueni na Kitui

Simu yako ndiyo kamera, ndiyo ramani, na ndiyo pochi. Ukiwa mjini hilo halikusumbui, chaja ziko kila kona. Lakini ukiwa juu ya baiskeli kati ya Ikutha na Mutomo, jua linawaka na umeshapiga picha 200 za madirisha ya kale, betri ikikata unabaki bila kamera, bila ramani na bila pesa ya chai.

Sisi tulichukua siku nne, tukaendesha kutoka Sultan Hamud mpaka mji wa Kitui tukitafuta milango na madirisha ya zamani. Haya ndiyo tuliyoyaona, pamoja na mambo ya pesa unayofaa kujua kabla hujatoka.

Njia yenyewe

Sultan Hamud ni mji uliozaliwa na reli. Jina lake ni la Hamud bin Mohammed, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, wakati ule ule reli ilipokuwa inajengwa kutoka Mombasa kwenda bara. Reli ilileta wafanyabiashara wa Kihindi, nao wakajenga maduka ya aina unayoijua: paa la mabati, baraza mbele, na milango ya mbao ya kukunja inayofunguka upana wote wa duka. Ukifuata reli utayakuta mengine Emali, Makindu na Kibwezi.

Tahadhari: barabara ya Mombasa ina malori mengi mno. Anza alfajiri, vaa kizibao kinachong'aa, na pale penye njia ya vumbi kandokando, ipende hiyo.

Kutoka Kibwezi unapinda kushoto kuelekea Kitui, karibu kilomita 150 za lami. Ukivuka mto Athi umeingia Kaunti ya Kitui. Ikutha, wamisionari Wajerumani walifungua kituo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1899 wakafungua kingine Mulango, karibu na mji wa Kitui. Ndiyo, Mulango. Kwa mpiga picha wa milango, jina hilo tu linatosha kukufanya upige breki.

Mlango unaoondoka

Kitu kimoja kilitushtua njiani: milango hii inaisha. Mlango wa chuma unachomelewa haraka, hauliwi na mchwa, na mwizi anahangaika nao. Nani atamlaumu mwenye duka?

Duka moja lilikuwa na milango ya mbao yenye rangi iliyobanduka. Chini ya kijani kuna bluu, chini ya bluu kuna nyekundu ya tangazo la zamani. Kampuni za sabuni, za soda na za simu, zote huwa zinapaka maduka rangi zao, kwa hiyo mlango mmoja unaweza kukusomea historia ya biashara ya mji mzima. Mama mwenye duka alituangalia, akacheka.

"Mnaupiga picha wa nini? Fundi nimeshampa deposit. Wiki ijayo unatoka."

"Tunaomba tuupige kabla haujatoka, mama."

"Pigeni. Lakini mkienda nao kwa simu, mimi nabaki na nini?"

Swali hilo ndilo kiini cha safari hii yote. Mlango ni wake, ukoo wake umeufungua na kuufunga miaka na miaka, halafu wewe unapita na baiskeli dakika kumi unaondoka na kumbukumbu. Tulinunua maji na ndizi kwake, tukatuma picha kwa studio iliyo mtaa huo huo, tukalipa kwa nambari ya tili wasafishe mbili kubwa, na tukamwonyesha mama ujumbe wa malipo ili ajue akifika hadaiwi kitu. Moja yake, moja ya mwanawe aliye Nairobi.

Omba kwanza, lipa vizuri

- *Salimu kabla ya kutoa simu.* Anza na "Wi museo?" kisha ueleze unachotaka. Ukimaliza sema "Muvea." Akikataa, mshukuru na uendelee.
- *Watu si mapambo.* Mlango ukiwa na mtu mbele yake, omba ruhusa ya mtu pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda mtu kuhusu matumizi ya picha yake, hasa ukitaka kuitumia kwa biashara.
- *Kuna milango ya kuacha.* Vituo vya polisi, kambi na majengo mengine ya serikali usipige bila ruhusa.
- *Soma jina kabla ya PIN.* Ukimtumia mtu asante, hakikisha jina linaloonekana ni la huyo aliye mbele yako. Likitofautiana, simama uulize.
- *Mchango una nambari rasmi.* Pale Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, ambalo humpa msafiri chakula na malazi bila malipo. Unafunika kichwa, unavua viatu. Ukitaka kuchangia mahali kama hapo, uliza ofisini. Usitume kwa nambari uliyopewa na mtu wa getini.

Linda hiyo simu

Ukimwonyesha mtu picha, shika simu mwenyewe. Ukimpa mtu akupige picha, fungua kamera bila kuondoa kifungo cha skrini. Simu nyingi zinakubali, na hapo hawezi kuingia kwenye ujumbe wala kwenye pesa zako.

Tulijiwekea sheria: betri ikifika asilimia 30, kupiga picha kunasimama. Iliyobaki ni ya malipo na ya dharura. Beba pawabenki, na usisahau noti ndogo ndogo, maana kuna sehemu baada ya mto Athi ambako mtandao unakuja na kwenda. Mtandao ukipotea katikati ya malipo, usirudie haraka. Subiri ujumbe au angalia salio, usije ukalipa chai moja mara mbili.

Lini uende?

Juni hadi Agosti kuna ubaridi na ukavu, kunafaa baiskeli. Piga picha asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, hapo mbao inaonyesha kila mkwaruzo. Saa sita mchana kaa barazani unywe chai. Muulize mwenye duka mlango wake ulitengenezwa na nani, na uandike jibu chini ya picha. Mlango ukishaondoka, maandishi hayo ndiyo yatakayobaki, na nakala moja iwe kwake.