Je, Wajua? Kuku Mwenye Lehemu Kidogo Huenda Ni Mgonjwa

Je, wajua kwamba kuku aliyelishwa pumba zenye sumukuvu akipimwa damu, lehemu (ile wengine tunaiita kolesteroli) hukutwa imeshuka? Mtu akitoka kliniki na majibu kama hayo atapita akimwonyesha kila jirani. Kwa kuku ni habari mbaya. Mpasue uone: ini lililotakiwa kuwa jekundu la kahawia limepauka, limekuwa la manjano, limevimba, na ukilibonyeza kwa kidole linamumunyuka.

Kisa chote kiko kwenye ini hilo. Kwa ndege, karibu mafuta yote ya mwili hutengenezwa humo, na hayasafiri hivi hivi. Mafuta na lehemu hufungashwa kwanza na protini, ndipo yaingie kwenye damu kuelekea mwilini na kwenye kiini cha yai. Aflatoksini, sumu ya kuvu iitwayo Aspergillus flavus, huliharibu ini hadi likashindwa kutengeneza protini za kufungashia. Ni kama bandari ambayo makuli hawakuja kazini: ghala limejaa hadi mlangoni, na madukani hakuna kitu. Anayepima damu anapima madukani. Na asije mfugaji akadhani amepata njia ya mayai yasiyo na lehemu, maana kuku huyo hutaga kwa shida.

Je, wajua sumu hiyo iligunduliwaje? Mwaka 1960, nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa na hakuna aliyejua kilichowaua, ikabidi ugonjwa uitwe X. Lawama ikaangukia mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Baadaye ikaonekana kwamba Brazili haikuwa peke yake: Kenya na Uganda nako vifaranga vya bata vilikuwa vimekufa kwa ugonjwa wa namna hiyo hiyo, kwa mashudu ya karanga za huku huku. (Sumu yenyewe haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Madonge na harufu ya uvundo kwenye gunia ni dalili ya kuvu tu. Gunia linalonukia vizuri bado laweza kuwa na sumu.)

Si kila sumukuvu hushusha. Fumonisini, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988 kutoka kwenye kuvu ya mahindi, huvuruga namna seli zinavyotumia mafuta, na nguruwe wanaoila hupanda lehemu. Tumbili waliolishwa kuvu hiyo huko Afrika Kusini nao walipanda.

Sasa kioja chenyewe. Mjapani Akira Endo, aliyekuwa akitafuta dawa ya kushusha lehemu, aliamini kwamba miongoni mwa kuvu kuna inayojihami kwa kuvizuia vijidudu visitengeneze lehemu. Akapima kuvu kama 6,000. Ya kwanza kumpa matumaini ilitoa sitrinini, nayo ni sumukuvu inayopatikana pia kwenye nafaka zilizohifadhiwa vibaya. Lehemu ilishuka kweli, ila figo ziliharibika, akaiacha. Kisha mwaka 1973 akapata kompaktini kutoka kwa Penicillium citrinum, kuvu ambayo sitrinini imepewa jina lake. Akawapa panya, wapi! Lehemu haikutikisika. Dawa ingeishia kabatini kama si kuku wa mayai. Endo aliwaza kwamba ndege anayetia lehemu kwenye kiini siku baada ya siku lazima awe anaitengeneza kwa wingi, basi huyo ndiye wa kupimia. Kuku wakapewa, na lehemu ikaporomoka.

Kompaktini yenyewe haikufika madukani. Iliyofika, mwaka 1987 huko Marekani, ni dada yake lovastatini, ambayo leo wagonjwa wengi wa moyo wanaijua, au wanameza jamaa zake. Hiyo ilitolewa kwenye Aspergillus terreus, ndugu wa ukoo mmoja na kuvu iliyowamaliza wale bata mzinga.