Kuzimika kwa Ghafla kwa Seva Pepe: Mtazamo kutoka Horohoro
Kwa karani wa forodha aliyeko Horohoro, seva pepe iliyozimika na ile isiyofikika ni kitu kimoja: ukurasa haufunguki na malori yanasubiri. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti iliyumba nchini Tanzania, lakini kukatika kwa waya hakuzimi seva. Hivyo, hupimwa kwanza muda ambao seva imekuwa hewani mfululizo. Batli ikionesha huduma zikifungwa kwa utaratibu, kulikuwa na amri. Batli ikiishia njiani, ushahidi hutafutwa pia kwenye mashine mwenyeji. Katika KVM, seva pepe nzima ni mchakato mmoja wa Linux, na kumbukumbu ya mwenyeji inapokwisha, kiini cha mfumo huweza kuuua. Kuiongezea seva pepe kumbukumbu, tiba inayokimbiliwa mno, hapo huzidisha ugonjwa.