Ukiezua Tembe, Tani Tisa Zinakwenda Wapi?

Mwenye nyumba wa Farkwa au Mrijo, wilayani Chemba, akikubaliana na fundi kushusha paa la udongo na kuezeka bati, mazungumzo huwa ni ya mbao, mabati, misumari na ufundi. Kifusi hakitajwi. Hutajwa kazi ikiwa imeshaanza, udongo ukiwa umeziba mlango na vibarua wakiuliza wautupe wapi.

Hesabu yake si ngumu. Chukua tembe la mita 10 kwa 4. Juu ya boriti kuna fito, juu ya fito nyasi au mabua ya mtama, kisha udongo, ambao umekuwa ukiongezwa kila panapovuja. Tuseme unene wake umefika sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 6, na mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa kama tani moja na nusu. Kwa hiyo familia hiyo imekuwa ikilala chini ya tani 9. Udongo ukichimbuliwa huvimba kwa karibu robo, na ukinyeshewa huzidi uzito. Nyumba ya ukubwa huohuo iliyoezekwa bati la geji 30 ni habari nyingine kabisa: mabati yake yote yakishushwa hayafiki kilo 200, na mkokoteni wa punda unayabeba.

Marekani mtu anayebadili paa hukodi kontena la chuma lililo wazi juu la kubebea kifusi. Lori hulileta, hulishusha uani, na siku kadhaa baadaye hulirudia likiwa limejaa. Mmoja wa waanzilishi wa vyombo vya namna hiyo ni George Dempster wa Knoxville, Tennessee, katika miaka ya 1930. Huko nako wanaoezua vigae vya lami hushauriwa kukodi kontena dogo, kwa kuwa kubwa likijazwa vigae huzidi uzito unaoruhusiwa barabarani. Uzito ndio wa kuuliza kwanza, ukubwa wa chombo baadaye.

Kwetu Chemba kontena hilo tunalo, ila tunaliita tela. Kosa la wengi ni kukodi trekta na tela lake kwa safari, dereva akasubiri huku injini ikinguruma na vibarua wakipakia mbiombio. Mwombe alifungue tela, aliache kiwanjani, aende na trekta yake kwenye shughuli nyingine, arudi jioni. Udongo unapakiwa ukitoka juu ya paa moja kwa moja, haushikwi mara mbili. Lakini tela la magurudumu mawili lisiachwe hivihivi: mbele likae juu ya gogo au stendi imara, nyuma nako liwekewe mhimili, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Likibinuka na watu ndani yake, hilo ni jambo la hospitali. Tela la tani 3 litahitaji safari tatu kumaliza tani zile 9. Mkokoteni wa ng'ombe unaobeba nusu tani utahitaji 18.

Hata hivyo, kwa maoni yangu sehemu kubwa ya udongo huo haina sababu ya kutoka kiwanjani. Nyumba mpya ina msingi, na msingi unataka kifusi. Chambua mabua na nyasi zote, maana zikioza huacha mashimo na huita mchwa, kisha shindilia udongo kwa tabaka nyembamba zilizolowanishwa kidogo. Udongo wa sakafu ya zamani na wa kuta zenye nyufa usiuchanganye humo. Ndimo wanamojificha papasi, na homa ya papasi watu wa Dodoma tunaijua.

Kisichotakiwa ni kumwaga udongo korongoni kwa kudhani unalijaza. Mvua ya kwanza kubwa huuzoa wote hadi kwenye lambo la jirani. Mmomonyoko si jambo geni kwetu: Chemba ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na Kondoa ndiko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulikoanza mwaka 1973 kupambana nao. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililoharibika. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Kabla ya kupeleka tela popote, muulize mtendaji wa kijiji.

Sasa taka zenyewe, ambazo ni chache lakini zina madhara. Misumari na vipande vya waya vikisahauliwa mchangani, ng'ombe huvimeza pamoja na malisho, na msumari unaweza kutoboa tumbo ukafika hadi kwenye moyo. Pitisha sumaku ya spika mbovu uani kote. Boriti na fito za zamani zilizoliwa na mchwa ni kuni nzuri, lakini mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, zisiingie jikoni: dawa hiyo mara nyingi ina aseniki, nayo hubaki kwenye moshi na majivu.

Majengo ya zamani ya taasisi yanaweza kuwa na paa la asbesto, lenye mawimbi kama bati ila nene, la kijivu, na huvunjika kama kigae. Hilo usiliguse. Nyuzi zake zikivutwa hadi mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye, na kisheria ni taka hatarishi. Wasiliana na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) Dodoma kabla fundi hajapanda juu.

Ukishapanga hayo, angalia kalenda. Kati ya Agosti na Oktoba mvua hakuna, mavuno yameshaingia ndani, na matela mengi yamekaa bure. Mazungumzo ya bei yafanyike wakati huo. Mvua zikikaribia trekta zote zinaingia shambani kulima, na mwenye tela hatakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za paa lako.