Ukikata ua wa mvinje, matawi yaende wapi?

Baadhi yenu mmepata nyumba hapa Wadi Kabir zenye bustani ndogo na ua wa mvinje uliopandwa kando ya ukuta. Mvinje mnaujua, hasa ninyi mliokaa pwani: ule mti wenye majani kama sindano, unaofanana na msonobari ingawa si wa ukoo mmoja. Ukiupunguza hutoa lundo kubwa kuliko ulivyodhani, na ofisini tunapokea simu ileile: nifanye nini na matawi haya?

Kwanza, ua ni wa mwenye nyumba. Mwombe ruhusa kabla ya kukata, na jibu lake ulipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Tulikotoka, lundo kama hili lilichomwa jioni na habari ikaisha. Hapa usichome. Mvinje huwaka hata ukiwa mbichi, na moto wake ni mkali. Ndiyo sababu unapendwa kwa kuni. Penye nyumba zilizobanana, mitungi ya gesi nje na magari yameegeshwa ukutani, cheche moja inatosha.

Wala usitupe wadini. Ukiitazama wadi wakati wa kiangazi utadhani ni uwanja wa changarawe usio na mwenyewe. Ni njia ya maji. Mwezi Juni 2007, kimbunga Gonu kilipofika, mabonde ya Muscat yaligeuka mito. Matawi yakikwama kwenye kalavati maji hukosa pa kupita, yakatafuta njia majumbani, na nyumba ya kwanza inaweza kuwa yako. Faini ya manispaa kwa kutupa taka ovyo ni nyongeza tu.

Linalobaki ni kuyarudisha ardhini. Lakini mvinje hauozi upesi kama majani ya mgomba. Jambo hili lilionekana wazi Bamburi, karibu na Mombasa. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu. Mvinje ulishika. Majani yake, hata hivyo, yalianguka yakalala palepale, kwa kuwa yana tanini nyingi, kitu kilekile kinachofanya chai iliyokolea ikaushe ulimi. Haller akaleta majongoo wakubwa wenye miguu myekundu. Wakayala majani, na kinyesi chao ndicho kilichoanza kuwa udongo. Leo pale pana msitu, unaitwa Haller Park.

Sisi hatuna majongoo hao, kwa hiyo kazi yao utaifanya wewe. Katakata matawi vipande vya urefu wa kidole. Kwenye kona yenye kivuli, changanya mafungu mawili ya mvinje na fungu moja la vitu vibichi: maganda ya mboga, makapi ya chai, samadi ya mbuzi ukiipata. Usitie nyama wala samaki, paka wa mtaa watafukua usiku kucha. Kisha mwagia maji, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Kiangazi joto la Muscat hupita nyuzi 40, na lundo likikauka, kuoza kunasimama. Lifunike kwa gunia kuukuu. Ukifumbata konzi moja, iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, isiwe matope. Geuza kila baada ya wiki mbili, na ulipe mwaka mzima.

Kama huna subira hiyo, iko njia ninayoipenda zaidi. Vitandaze vipande kuzunguka mlimau au mpapai, unene wa vidole vinne, ukiacha shubiri moja kutoka kwenye shina. Vitazuia jua lisinyonye unyevu, nawe utamwagilia mara chache. Usisikilize wanaosema vitachachusha udongo. Udongo wa hapa una chokaa nyingi. Ila usitandaze ulikosia mchicha, maana mbegu hazioti vizuri chini ya majani ya mvinje.

Matawi manene usiyasukumie kwenye pipa la mtaani. Pipa ni la wote, na jirani akikosa pa kuweka taka zake, ugomvi wenu wa kwanza utakuwa huo. Tupigie simu ofisini kabla hujaanza kukata, si baada, tujue gari la kuyabeba litatoka wapi.